Somo kwa Vyama: Njia Mbili za Intaneti, na Jinsi ya Kuzipanga Ili Moja Ikikatika Nyingine Ishike Kazi

MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi, wajumbe wa halmashauri na wanachama wanaoshiriki katika vikundi vya kujifunza. Baada ya kulisoma na kulijadili, msomaji anatazamiwa aweze:

(a) kueleza kwa nini kulipia kampuni mbili za intaneti si sawa na kuwa na njia mbili;
(b) kutofautisha mawasiliano yanayotoka chamani na yale yanayoingia;
(c) kutaja mambo ya kuyauliza kabla ya kutia sahihi mkataba, na
(d) kusimamia jaribio la njia ya akiba kabla msimu haujaanza.

1. KWA NINI JAMBO HILI LINAUHUSU USHIRIKA

Zipo siku ambazo hesabu za chama zilichelewa kwa sababu basi liliharibika njiani. Siku hizi hesabu hizo husafiri kwa intaneti, na zikikwama, hukwama kwa wote mara moja. Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho nchini Tanzania iliendeshwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Katika minada ya namna hii wakulima hukusanyika, husikia bei zilizotajwa na wanunuzi, kisha huamua wenyewe kuuza au kutouza. Mawasiliano ya chama kikuu yakikatika saa hiyo, bei hazionekani na mkulima aliyetoka nyumbani alfajiri hurudi bila kujua hatima ya mzigo wake. Mzigo hubaki ghalani, na fedha aliyoitegemea kwa ada ya shule huchelewa.

Kwamba mawasiliano yanaweza kukatika si jambo la kukisia. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayoihudumia Afrika Mashariki, yaani EASSy na SEACOM, ilikatika siku moja upande wa pwani ya kusini, karibu na Afrika Kusini. Intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Miezi michache kabla ya hapo, Februari 2024, mikongo kadhaa, SEACOM ikiwamo, ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Mteja aliyekuwa na kampuni mbili zilizotegemea mikongo hiyo hiyo aligundua kwamba alikuwa na ankara mbili, lakini njia yake ilikuwa moja.

2. NJIA MBILI AU ANKARA MBILI?

Jambo la kwanza la kuchunguza si bei wala kasi, bali utengano. Njia mbili ni mbili kweli iwapo hakuna kitu kimoja ambacho kikiharibika kitaziangusha zote. Katibu hana budi kuifuata kila njia kutoka mezani pake hadi mbali kadiri awezavyo, akiuliza maswali yafuatayo:

(i) Umeme. Je, vifaa vya njia zote mbili vimechomekwa katika soketi moja? Umeme ukikatika, njia zote mbili hufa pamoja. Betri ya akiba ni sehemu ya mpango huu, wala si anasa.

(ii) Ruta. Ikiwa njia zote mbili zinaingia katika ruta moja, ruta hiyo ikiungua, hakuna njia iliyobaki. Chama kisichoweza kununua ruta ya pili na kiwe walau na ruta ya kuazima iliyokwisha kupangwa, nayo ihifadhiwe kabatini.

(iii) Mnara na mtaro. Kampuni mbili zinaweza kupanga mnara mmoja, au nyaya zao zinaweza kulazwa katika mtaro mmoja kando ya barabara. Trekta la watengeneza barabara halichagui waya wa kampuni gani likate. Ni afadhali njia moja iwe ya waya wa nyuzi za kioo na ya pili iwe ya redio au satelaiti.

(iv) Kampuni ya juu. Kampuni ndogo hununua huduma kwa kampuni kubwa. Huenda kampuni zote mbili alizozichagua katibu zinanunua kwa kampuni moja, au ya pili inanunua kwa ya kwanza. Swali hili liulizwe kwa barua, na jibu lipokelewe kwa barua.

3. MAWASILIANO YANAYOTOKA CHAMANI

Na ichukuliwe mfano wa chama kikuu chenye njia kuu kutoka Kampuni A, yenye uwezo wa megabiti 50 kwa sekunde, na njia ya akiba kutoka Kampuni B, yenye megabiti 10. Karani anapofungua ukurasa wa benki au wa mnada, ombi lake hutoka katika kompyuta, hufika kwenye ruta, nayo ruta huchagua njia ya kulipitisha. Ombi hubebeshwa anwani ya kampuni ile inayolipitisha, na majibu hurudi kwa anwani hiyo. Kwa sababu hiyo kuhamia Kampuni B ni jambo jepesi: maombi mapya hutoka yakiwa na anwani ya B. Ila kazi iliyokuwa katikati hukatika, na karani huenda akalazimika kuingia upya katika mfumo. Makarani waelezwe hivyo mapema wasije wakababaika.

Ugumu upo katika kuijulisha ruta kwamba njia kuu imekufa. Ruta isiyopangwa vema hutazama waya wake tu. Waya huo kwa kawaida huishia kwenye redio iliyo juu ya paa, ukiwa na urefu wa mita chache. Mnara wa kampuni ukianguka maili kumi kutoka hapo, waya wa paani bado ni mzima, taa ya ruta huendelea kuwaka kijani, na maombi huendelea kumiminwa katika njia isiyofika popote. Huku ndiko kushindwa kunakowashangaza wengi: njia ya akiba ipo, inalipiwa kila mwezi, na haitumiki siku inapohitajiwa.

Dawa yake ni kuiagiza ruta itume salamu ya majaribio mbali, nje ya mtandao wa kampuni, na kusubiri jibu. Mpango wa busara ni huu:

(a) Salamu zitumwe kila baada ya sekunde 5 kwa vituo viwili tofauti. Kituo kimoja pekee hakitoshi, kwa kuwa chenyewe kinaweza kuzimwa na kuifanya ruta iikimbie njia iliyo nzima.

(b) Njia ihesabiwe kuwa imekufa baada ya majibu matatu mfululizo kukosekana kutoka vituo vyote viwili.

(c) Salamu za kuipima njia ya A zifungwe zipite kwa A tu. Zisipofungwa hivyo, A ikifa salamu hupita kwa B na kurudi salama, ruta huamini kwamba A imepona, hurejea kwa A, hukosa jibu, hukimbilia tena B, na kuendelea hivyo mchana kutwa.

(d) Njia kuu ikipona, ruta isirejee papo hapo. Isubiri hadi njia hiyo itulie kwa dakika 5. Njia inayokatika na kurudi kila dakika ni mbaya kuliko iliyokatika moja kwa moja.

Tena, njia ya megabiti 10 haiwezi kubeba mzigo wa njia ya megabiti 50. Halmashauri iamue mapema kazi zipi zipite wakati wa dharura. Mnada, benki na hati za mizani zitangulie. Picha za video zisubiri.

4. MAWASILIANO YANAYOINGIA

Hapa ndipo vyama vingi hukwama. Na ichukuliwe kwamba chama kikuu kile kina seva yake ofisini, na makatibu wa vyama vya msingi hutuma huko, kutoka vijijini, uzito wa mzigo uliopimwa kila siku. Seva hiyo inajulikana kwa anwani iliyotolewa na Kampuni A. Njia ya A ikikatika, wafanyakazi wa chama kikuu wanaendelea kufanya kazi kupitia B na kudhani mambo ni shwari. Lakini katibu wa kijijini bado anaitafuta seva kwa anwani ya A, na dunia nzima inajua kwamba anwani hiyo hufikiwa kwa kupitia A. Hati zake hazifiki. Mlango wa kutokea uko wazi, ila ule wa kuingilia umefungwa.

Zipo njia tatu za kulitatua jambo hili.

Ya kwanza ni kuihamisha seva, ikae katika jengo maalumu la kuhifadhi seva ambalo lenyewe lina njia nyingi. Kwa chama kidogo hii mara nyingi ndiyo njia rahisi na nafuu.

Ya pili ni kubadili jina. Makatibu watumie jina la seva badala ya anwani yake, na jina hilo lielekezwe kwenye anwani ya B wakati A imekatika. Muda wa kukumbukwa kwa jina hilo upunguzwe kabla ya dharura, kwa mfano uwe sekunde 300, la sivyo kompyuta za vijijini zitaendelea kuishika anwani ya zamani kwa saa nyingi.

Ya tatu ni kuifanya anwani yenyewe ifikike kwa njia zote mbili. Hii ndiyo njia ya mitandao mikubwa, nayo hutumia itifaki iitwayo BGP.

5. BGP HUFANYAJE KAZI

BGP iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na maelezo makuu ya toleo lake la nne, ambalo ndilo linalotumika, yalitolewa mwaka 2006. Kazi yake inaeleweka kwa urahisi. Kila mtandao hupewa namba yake, na ruta za mitandao jirani huambiana: “Kwa kupitia kwangu unaweza kulifikia fungu hili la anwani, na namba za mitandao iliyoko njiani ni hizi.” Jirani humwambia jirani yake, na habari huenea ulimwenguni. Njia ikikatika tangazo huondolewa, na mitandao huchagua njia nyingine iliyotangazwa.

Chama kikuu kinachotaka kutumia mpango huu kinahitaji vitu viwili. Kwanza ni namba ya mtandao. Katika Afrika namba na anwani hizi hugawiwa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius. Pili ni fungu la anwani lisilo dogo kupita kiasi. Kwa anwani za aina ya zamani, yaani IPv4, fungu dogo linalokubaliwa kwa kawaida na mitandao ya ulimwengu ni la anwani 256. Tangazo la fungu dogo kuliko hilo hutupwa na mitandao mingi.

Ruta ya chama hufungua mazungumzo na ruta ya Kampuni A na vilevile na ya Kampuni B, na kutangaza fungu lake kwa zote mbili. Kwa mawasiliano yanayotoka, chama huipa A alama ya upendeleo iliyo kubwa kuliko ya B. Kwa mawasiliano yanayoingia, chama hurudia namba yake mara mbili au tatu katika tangazo linalopita kwa B, ili njia hiyo ionekane ndefu na wengi wachague A. Hata hivyo wateja wa B watapita B moja kwa moja, kwa kuwa kampuni kwa kawaida humfikia mteja wake kwa waya wake wenyewe badala ya kuzunguka kwa jirani. Hilo si kosa.

Muda wa kugundua kifo cha njia nao utazamwe. Ruta hizi hupeana salamu, na zikikosa salamu kwa muda uliowekwa, hukata mazungumzo. Maelezo ya BGP yanapendekeza muda wa sekunde 90, salamu zikitumwa kila sekunde 30. Lakini ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa sekunde 180. Maana yake ni kwamba njia inayokufa kimya kimya inaweza kuendelea kuaminiwa kwa dakika tatu. Kampuni ikikubali kuongeza kipimo kiitwacho BFD katika ncha zote mbili, kifo hicho hugunduliwa kwa muda usiofika sekunde moja.

6. WATOA HUDUMA WAWILI WALIOUNGANA

Kampuni A na Kampuni B mara nyingi zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, ama kwa waya wao, ama katika kituo cha kubadilishana mawasiliano. Mjini Dar es Salaam kipo kituo cha TIX, kinachosimamiwa na chama cha watoa huduma wenyewe, TISPA. Kuungana huku ni neema kwa mteja: njia yake ya A ikikatika, wateja wa A humfikia kwa kuvuka kwenda B papo hapo nchini, bila kuzunguka nje. Lakini chama kinapotumia fungu la anwani lililotoka kwa Kampuni A, ipo mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni wa kibao cha barabarani. Msafiri wa Newala akikuta njia panda yenye kibao cha “Mkoa wa Mtwara” na kingine cha “Newala”, atafuata kile kilichomtajia Newala. Intaneti nayo hufuata tangazo lililo mahususi zaidi. Ikiwa A inatangaza ulimwenguni fungu lake kubwa la anwani 65,536 tu, huku B ikilitangaza fungu dogo la chama la anwani 256, basi karibu mawasiliano yote yatapita B, ijapokuwa B ndiyo iliyokusudiwa kuwa akiba. Dawa yake ni A nayo ilitangaze fungu dogo pamoja na kubwa.

Mtego wa pili ni wa mlinzi. Kampuni nyingi zimejilinda zisipokee kutoka kwa jirani tangazo la anwani zilizo zao wenyewe, kwa kuogopa utapeli. Ulinzi huo ni mwema, lakini njia ya chama kwenda A ikikatika, A itakataa kusikia kutoka kwa B kwamba chama bado kinafikika. Dunia nzima itakiona chama, isipokuwa wateja wa A. Hapana budi A iombwe iruhusu fungu hilo moja lipokelewe kutoka kwa B.

Mtego wa tatu ni wa hati. Wenye anwani huweka hati ya kielektroniki, ROA, inayotaja ni mtandao upi unaoruhusiwa kutangaza fungu lao na kwa udogo gani. Ikiwa hati ya A inataja namba ya A peke yake, tangazo lenye namba ya chama litahesabiwa kuwa batili na kutupwa na mitandao inayokagua hati hizo. A itoe hati ya fungu dogo kwa namba ya chama, tena kabla ya tangazo la kwanza.

7. CHAMA KISIGEUKE KUWA DARAJA

Mteja mwenye njia mbili anasimama kati ya mitandao miwili. Ruta yake isipozuiwa, inaweza kuyachukua matangazo iliyoyasikia kwa B na kuyarudia kwa A, kana kwamba inasema, “Dunia yote piteni kwangu.” Tarehe 24 Juni 2019 jambo hilo lilitokea Marekani. Kampuni moja ya metali ya Pennsylvania, iliyokuwa na watoa huduma wawili, ilipitisha kwa Verizon matangazo iliyoyapokea kwa mtoa huduma wake mwingine, nayo Verizon ikayakubali bila kuyachuja. Mawasiliano ya mitandao mikubwa yakamiminika katika njia nyembamba, na Cloudflare ilieleza kwamba ilipoteza kiasi cha asilimia 15 ya mawasiliano yake ya ulimwengu wakati hali ilipokuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo iandikwe katika mkataba wa fundi: ruta ya chama itangaze fungu la chama tu, wala si kitu kingine chochote. Kampuni nazo ziombwe ziweke kichujio cha aina hiyo upande wao.

8. JARIBIO KABLA YA MSIMU

Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini njia ya akiba ya intaneti huoza isipojaribiwa. Vocha huisha, fundi hubadili mpangilio, antena hugeuzwa na upepo, na hakuna anayejua kwa sababu njia kuu inafanya kazi. Kila chama na kifanye jaribio mwezi mmoja kabla ya msimu, na tena kila baada ya miezi mitatu, kwa utaratibu huu:

(1) Jaribio litangazwe, na katibu mmoja wa chama cha msingi awe tayari kijijini kutuma hati.
(2) Waya wa njia kuu uchomolewe. Saa iandikwe.
(3) Ofisi ijaribu kufungua benki na mfumo wa mnada. Katibu wa kijijini ajaribu kuifikia seva. Atumie simu ya mteja wa Kampuni A, kisha ya mteja wa Kampuni B. Saa ya kila jibu iandikwe.
(4) Waya urudishwe, na muda wa kurejea uandikwe.
(5) Jaribio lirudiwe bila kugusa waya wa ofisini, kwa kuiomba Kampuni A ikate huduma upande wake kwa muda waliokubaliana. Jaribio hili la pili ndilo hufichua udanganyifu wa taa ya kijani.

Matokeo yaingizwe katika daftari, na yasomwe mbele ya halmashauri kama yanavyosomwa mapato na matumizi. Gharama ya njia ya pili hulipwa na wanachama; ni haki yao kujua kama inafanya kazi.

MUHTASARI

Njia mbili ziwe zimetengana kweli. Ruta ipime mbali, si waya wake tu. Kutoka na kuingia ni mambo mawili. Watoa huduma walioungana wakubaliane kwa maandishi juu ya fungu la chama. Chama kitangaze kilicho chake tu. Na njia isiyojaribiwa isihesabiwe kuwa njia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Chorea kikundi chenu njia ya intaneti ya chama kutoka soketi ya umeme hadi kwenye mnara. Ni kitu gani kimoja kikiharibika kitakata mawasiliano yote?
2. Ruta inaonyesha taa ya kijani, lakini ukurasa wa benki haufunguki. Elezeni sababu inayowezekana.
3. Wafanyakazi wa chama kikuu wanaendelea na kazi, lakini makatibu wa vijijini hawaifikii seva. Ni suluhisho lipi kati ya yale matatu linalokifaa chama chenu, na kwa gharama gani?
4. Andikeni barua fupi kwa watoa huduma wawili, yenye maswali manne yanayohitaji kujibiwa kabla ya mkataba kutiwa sahihi.
5. Njia yenu ya akiba ilijaribiwa lini kwa mara ya mwisho, na daftari linasema nini?